Ziara ya Masomo Ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya walimu wa Biolojia na Jiografia wa sekondari, na wazazi wanaotakiwa kusaini fomu ya ruhusa. Yanahusu ziara ya siku moja au mbili ya kujifunza ekolojia ya ufukweni Kigoma mjini na jirani zake. Hesabu zote za vifaa zimepigwa kwa wanafunzi 40, yaani makundi 8 ya watu watano.

Mada yetu inasema ekolojia ya pwani na bahari. Ziwa linatosha?

Linatosha, na kwa shule ya Kigoma au Tabora ndilo chaguo la busara. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, wakati hapa mlangoni kuna ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Karibu kila dhana ya mada hiyo inaonekana hapa: ukanda wa miamba na ukanda wa mchanga, mdomo wa mto, planktoni (viumbe vidogo sana wanaoelea majini), mnyororo wa chakula wa maji ya kina, uvuvi na athari zake.

Ziwa hili pia lina viumbe vinavyofanana sana na vya baharini. Dagaa wa Kigoma ni ukoo mmoja na dagaa wa baharini. Kuna kaa, kuna konokono wa miambani wenye magamba mazito yenye mabonde na matuta kama ya pwani, na kuna konyeza, mnyama laini wa majini, mdogo, angavu, wa ukubwa wa sarafu, asiyewasha. Mwishoni mwa karne ya 19 mtafiti Mwingereza J.E.S. Moore alifika hadi kudai kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Leo tunajua sivyo. Ziwa lilizaliwa ndani ya Bonde la Ufa, umri wake ni kati ya miaka milioni 9 na 12, na konokono wake walibadilika humuhumu. Mjadala huo peke yake ni somo zuri la mageuko kwa kidato cha tano na sita.

Tofauti mbili lazima wanafunzi wazijue kabla ya kuondoka. Ya kwanza, ziwani hakuna kupwa na kujaa. Maji hupanda na kushuka kwa msimu, na mawimbi hufuata upepo. Ya pili ni chumvi: lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, ya Tanganyika haifiki gramu moja. Kosa linalojirudia kwenye ripoti ni mwanafunzi kuandika habari za maji kupwa na kujaa kwa sababu kitabu kimesema hivyo. Hapa mpangilio wa viumbe kwenye mwamba unaamuliwa na nguvu ya mawimbi, mwanga na kina.

Twende mwezi gani?

Mwisho wa Agosti na Septemba. Mvua hazijaanza, mito haijaleta tope, maji ni maangavu kuliko wakati wowote unaoangukia ndani ya muhula.

Juni na Julai maji pia huwa mazuri, lakini kuna jambo la kuangalia. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kipindi cha kufunga kikiwepo, mialo (sehemu za kushushia samaki) huwa mitupu na nusu ya somo la mnyororo wa chakula inakosa samaki. Muulize afisa uvuvi tarehe za mwaka husika kabla ya kuwaandikia wazazi barua.

Angalia pia mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku kuvuta samaki juu, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hazifui dafu, kwa hiyo wengi hupumzika siku kadhaa za mwezi mpevu. Panga siku ya mwalo iangukie kwenye giza la mwezi.

Kama lengo lenu kuu ni mmomonyoko na tope, geuzeni hesabu: nendeni Machi au Aprili, siku moja au mbili baada ya mvua kubwa. Ziara mbili, moja ya kiangazi na moja ya masika, mahali palepale, ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Shule iliyo Kigoma mjini inaweza kuzimudu bila gharama kubwa.

Tuchague sehemu zipi?

Tatu, na zisizidi tatu. Ziara inayozunguka sehemu sita inakuwa matembezi, maana kila kituo kinahitaji dakika 90 za kazi halisi. Kinachofundisha ni kulinganisha.

Sehemu ya kwanza iwe ya miamba: upande wa Bangwe na Katonga una fukwe za mawe zenye maji maangavu hatua chache kutoka nchi kavu. Ya pili iwe ya mchanga mtupu, na ufukwe wa Ujiji unafaa. Ya tatu iwe mdomo wa mto. Mto Luiche unaingia ziwani kusini mwa Ujiji, ukipita kwenye tope na matete, na maji yake yanaonyesha waziwazi kinachotokea milima ikilimwa bila matuta. Sehemu hii ya tatu ifanyiwe kazi kutoka ukingoni tu, pamoja na mwenyeji anayepajua, kwa sababu matete ndiyo maficho ya mamba na viboko.

Miaka ya karibuni maji ya ziwa yalipanda na kumeza baadhi ya fukwe. Mwalimu mmoja atangulie kupakagua wiki moja kabla, asitegemee kumbukumbu ya miaka mitano iliyopita. Fukwe nyingine ni za watu binafsi na zina kiingilio.

Tunatoka Tabora. Inawezekana?

Inawezekana, ila hesabuni siku nne: kwenda, siku mbili za kazi, kurudi. Ni kama kilomita 400 kwa reli. Safari yenyewe ina somo, kwani njia inapita eneo la Mto Malagarasi, na ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, mwaka 2000. Mwanafunzi aliyeona mafunjo yale atauelewa mdomo wa mto upesi zaidi.

Fanyeni mazoezi ya vifaa kwanza kwenye Bwawa la Igombe au bwawa lolote la karibu. Kundi ambalo halijawahi kushika fremu ya kuhesabia viumbe hupoteza saa nzima ya kwanza ufukweni, na saa hiyo ya Kigoma mmeilipia nauli.

Ruhusa gani zinahitajika?

Barua ya mkuu wa shule kwenda kwa afisa elimu wa halmashauri, ridhaa ya maandishi ya kila mzazi, taarifa kwa ofisi ya mtaa au kijiji chenye ufukwe, na taarifa kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho mwaloni kila mtu anakiita BMU. Mkitaka kuvua au kuondoka na kiumbe chochote kilicho hai, ongeeni na afisa uvuvi kwanza.

Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, kipo Kigoma. Waandikieni mapema, angalau mwezi mmoja, mkitaja idadi ya wanafunzi, kidato na swali mahususi. Barua inayosema "tunaomba kutembelea" haimsaidii mtafiti kujiandaa. Inayosema "tunataka kuona jinsi umri wa samaki unavyokadiriwa" inamsaidia.

Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa, zina viingilio na masharti yake, na zinahitaji safari ya maji. Kwa somo la ufukweni hamzihitaji. Mahale ina jambo moja la kutaja darasani: mpaka wake unaingia ziwani kilomita 1.6, kwa hiyo samaki wa ukanda ule nao wamo ndani ya hifadhi.

Vipi kuhusu kichocho?

Swali hili lipewe uzito kuliko mengine yote. Kichocho kipo kwenye mwambao wa Kigoma. Vimelea hutoka kwa konokono wa maji baridi, huogelea, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote ndani ya dakika chache. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, takribani saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, yaani saa zilezile za ziara. Hatari ni kubwa zaidi penye maji yaliyotulia, yenye majani, karibu na watu wanapooga na kufua. Kwenye mwamba unaopigwa na mawimbi hatari hupungua, lakini haiishi.

Kanuni ni hizi. Hakuna kuogelea. Hakuna kuingia majini peku. Anayesimama kwenye maji avae buti za mpira, na maji yasifike nusu ya urefu wa buti, kwa sababu wimbi moja likiijaza buti, mguu umelowekwa kwa saa nzima. Anayegeuza mawe avae glavu ndefu za mpira za kazi za usafi. Zile nyembamba za hospitali hupasuka kwenye jiwe la kwanza. Maji yaliyochotwa kwa ndoo muda huo nayo yana hatari ileile, hivyo kunawa kwayo hakufai. Bebeni maji ya kunawa kutoka mjini.

Akilowa mtu, ajikaushe mara moja kwa kusugua na taulo, na jina lake liandikwe. Kujikausha kunapunguza hatari tu, si kinga. Wazazi wengi huuliza kama wampe mtoto dawa siku hiyohiyo. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, haina nguvu dhidi ya michanga, kwa hiyo muda mzuri wa kupima na kutibiwa ni wiki 6 hadi 8 baada ya kulowa. Mwalimu aiweke tarehe hiyo kwenye kalenda ya shule na awakumbushe wazazi, maana ikiachwa kwa mtoto itasahaulika.

Konokono wa kichocho wanatambulikaje?

Mshike konokono kwa glavu, ncha ya gamba ikiwa juu na mdomo ukikutazama. Mdomo ukiwa kushoto kwako, inawezekana ni Bulinus, mwenyeji wa kichocho cha mkojo. Gamba likiwa bapa, limejizungusha kama kamba iliyokunjwa chini, inawezekana ni Biomphalaria, mwenyeji wa kichocho cha tumbo. Konokono wa miambani walio wa ziwa hili, kama Lavigeria mwenye matuta, mdomo wao uko kulia na gamba ni zito. Zoezi hili la dakika tano hukumbukwa na wanafunzi kuliko mchoro wowote wa ubaoni. Ila kutoona konokono hao si uthibitisho kwamba maji ni salama.

Mwanangu hajui kuogelea. Mamba je?

Asiyejua kuogelea anashiriki kila kitu, kwa kuwa hakuna kazi inayozidi kina cha goti. Kila wanafunzi wanane wawe na mtu mzima mmoja, na mtu mzima mmoja zaidi asiye na kundi asimame juu akitazama maji tu: hafundishi, hapigi picha, hajibu simu. Awe na kamba ya mita 20 yenye boya au dumu tupu la lita 5 lililofungwa kizibo. Hesabuni watoto kila nusu saa, kwa majina.

Kuhusu mamba na viboko, waulizeni wavuvi wa eneo hilo asubuhi hiyohiyo, kwani wao ndio wanaojua aliyeonekana jana. Alfajiri na jioni msikae kwenye matete. Kuna pia swila wa maji, anayekula samaki na kujificha kati ya mawe. Hamfuati mtu, lakini sumu yake ni kali, kwa hiyo mkono usiingizwe kwenye upenyo usioonekana ndani. Jiwe ligeuzwe kwa kulivuta kuelekea kwako, ili kilicho chini yake kitokee upande wa pili.

Mashua ni lazima?

Hapana, na kwa shule nyingi tunashauri muiache. Kazi zinazoihitaji ni mbili tu, kupima uangavu wa maji ya kina na kuvuta planktoni, na zote zinaweza kufanyika kwenye gati kwa kupunguza matarajio. Mkiamua kuitumia, kila aliyemo avae jaketi okozi lililofungwa mikanda yote, si la kukalia. Idadi isizidi ile iliyoidhinishwa kwa chombo hicho, na mrudi kabla ya saa 5 asubuhi. Kiangazi upepo wa kusi huongezeka kadiri siku inavyokwenda, na ziwa lililokuwa kioo saa 1 linaweza kuwa na mawimbi ya kutisha saa 8.

Tubebe vifaa gani?

Kwa makundi 8: fremu za mraba 8, kamba za mita 30 zenye alama kila mita 3 (moja kwa kila kituo), ndoo za kioo 4, sinia nyeupe za plastiki 8, kipimajoto 4, karatasi za kupimia pH, diski ya Secchi (ya kupimia uangavu wa maji) 1, wavu wa planktoni 1, chupa za nusu lita 24, lenzi za mkono 8, glavu jozi 16, buti jozi 16. Wanaogusa maji ni wawili tu kwa kila kundi, wengine wanahesabu na kuandika, kisha wanabadilishana kituo kinachofuata.

Penseli, si kalamu. Wino huyeyuka karatasi ikilowa na data ya kutwa nzima hugeuka doa la bluu. Chapisheni jedwali moja kwa makundi yote, vinginevyo mtarudi na madaftari 8 yasiyolinganishika.

Maji ya kunywa ni lita 3 kwa kila mtu. Ya ziwani yasinywewe hata yakionekana maangavu namna gani.

Diski ya Secchi tunaitengenezaje?

Kata duara la sentimita 20 kutoka kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi. Ligawe robo nne, paka nyeusi na nyeupe kwa kupishana, rangi isiyong'aa. Toboa katikati, pitisha boliti ndefu yenye jicho, na chini yake funga uzito wa nusu kilo hadi kilo moja. Uzito ukiwa mdogo, diski huelea kiupandeupande na kamba haisimami wima, hivyo kipimo kinasoma kina kikubwa kuliko cha kweli. Kamba iwe mita 25, ya aina isiyovutika. Ya nailoni laini hurefuka ikilowa, kwa hiyo iloweke usiku mzima kabla ya kuipima na kuifunga alama kila nusu mita.

Pima kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, upande wenye kivuli, bila miwani ya jua. Shusha hadi ipotee, andika. Vuta hadi ionekane tena, andika. Wastani wa namba hizo mbili ndio kipimo. Watu watatu wapime, kila mmoja bila kumwambia mwenzake.

Kwenye maji ya wazi ya Tanganyika kipimo huzidi mita 10. Karibu na mdomo wa mto baada ya mvua kinaweza kutofika mita moja. Gatini diski itagusa chini kabla haijapotea. Hapo usiandike "mita 4". Andika "inaonekana hadi chini, mita 4", kwani ni taarifa mbili tofauti kabisa.

Ndoo ya kioo ni nini?

Ni ndoo ya lita 10 iliyokatwa kitako na kuwekewa plastiki angavu ngumu ya milimita 3, ikagandishwa kwa silikoni ya madirisha. Unaisukuma sentimita 5 hivi ndani ya maji na uso wa ziwa unaacha kung'aa: mawe, samaki na konokono wanaonekana kama wako mezani. Kwa wanafunzi ambao hawaruhusiwi kuingia majini hiki ndicho kifaa chenye faida kuliko vyote, na ni cha bei nafuu.

Acheni mdomo wa plastiki upite ukuta wa ndoo kwa sentimita moja pande zote, pakeni silikoni ndani na nje, na ngojeni saa 24. Zinazovuja ni zile zilizotengenezwa usiku wa kuamkia safari. Ukungu ukijitokeza ndani, pakeni sabuni ya maji kidogo na kuifuta kwa kitambaa kikavu.

Samaki tunawahesabuje?

Kwenye miamba simama au piga magoti juu ya jiwe, weka ndoo ya kioo, usihesabu chochote kwa dakika 5. Samaki hukimbia kivuli, kisha hurudi. Baada ya hapo hesabu kwa dakika 10, na kwa kila aina andika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa mtazamo mmoja. Ukijumlisha kila anayepita utamhesabu samaki mmoja mara kumi, maana wengi wao wana eneo wanalolilinda na hawaliachi.

Msing'ang'anie majina ya kisayansi. Ziwa lina aina zipatazo 250 za siklidi, jamii ambayo wafanyabiashara huita samaki wa mapambo, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Wapeni namba na mchoro: "aina A, mistari ya manjano, anang'ata mwani juu ya jiwe". Andikeni anachofanya. Kung'ata jiwe, kuvizia, kutetea shimo, kutembea na makinda: tabia ndiyo inayoeleza kwa nini samaki wengi hivyo wanaweza kuishi kwenye mwamba mmoja. Wapo wanaolea mayai mdomoni. Wapo wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Wapo hata wanaokula magamba ya mwilini mwa samaki wenzao, mdomo ukiwa umepinda kushoto au kulia kulingana na ubavu wanaoushambulia.

Mstari wa sampuli unawekwaje?

Lazeni kamba sambamba na ukingo wa maji, si kuelekea kwenye kina, kwa sababu za usalama. Kila baada ya mita 3 wekeni fremu ya sentimita 50 kwa 50, iliyotengenezwa kwa bomba la plastiki la nusu inchi. Litobolewe ili lizame. Mkianzia mita ya 3 mtapata fremu 10 kwa kamba ya mita 30, na kila fremu ni robo ya mita ya mraba. Idadi mliyoipata zidisheni kwa 4 kupata idadi kwa mita ya mraba.

Ndani ya kila fremu: kadirieni asilimia ya mawe, mchanga na tope, asilimia ya mwani, hesabuni konokono na kaa juu ya mawe, kisha geuzeni mawe matatu yanayoshikika kwa mkono mmoja, muweke wadudu wake kwenye sinia nyeupe yenye maji. Lava wa kereng'ende, minyoo bapa, uduvi wadogo na kaa wachanga hujitokeza wakitulia.

Jiwe lirudishwe mahali pake, upande uleule juu. Mwani wa juu ukilazwa chini hufa kwa kukosa mwanga, na walioishi kivulini hukaangwa na jua. Makundi 8 yakigeuza mawe 240 bila kuyarudisha, ufukwe mdogo umeharibiwa na somo lililokusudia kuulinda.

Mwambani tazameni pia mpaka wa maji. Konokono Spekia hukaa palepale mawimbi yanapovunjika, wengine huanza chini zaidi. Pimeni urefu kutoka usawa wa maji hadi walipo kwa rula, na mna ukanda wenu wa viumbe bila kuhitaji bahari.

Planktoni tutaiona kwa darubini ya shule?

Ndiyo, ukuzaji wa mara 40 hadi 100 unatosha. Wavu ununuliwe kama bajeti inaruhusu. La sivyo, shoneni soksi ndefu ya nailoni kwenye duara la waya la sentimita 25, na mwisho wake mfunge chupa ndogo. Matundu ya soksi ni makubwa, kwa hiyo planktoni mimea nyingi itapita, lakini wanyama watabaki.

Vuteni polepole, hatua moja kwa sekunde. Mdomo wa sentimita 25 una eneo la mita za mraba 0.049, kwa hiyo mvuto wa mita 10 huchuja takribani lita 490. Ukivuta haraka maji yanarudi nyuma badala ya kuchujika na hesabu hiyo inakuwa ya uongo.

Mtakaowaona kwa wingi ni kopepodi, wenye antena ndefu na mwendo wa kurukaruka. Dafnia wa kwenye kitabu hawapo kwenye maji ya wazi ya Tanganyika, kwa hiyo msihangaike kuwatafuta. Chupa isijazwe zaidi ya nusu na ikae kivulini. Ikiachwa juani kwenye gari, wote watakufa kwa kukosa oksijeni kabla hamjafika darubini ilipo.

Kopepodi na dagaa hupanda juu usiku na kushuka mchana. Ndiyo maana uvuvi wa taa unafanya kazi. Mnaolala Kigoma mnaweza kuvuta wavu saa 10 jioni na tena saa 1 usiku na kulinganisha. Penye kina kidogo tofauti huwa ndogo, kwa hiyo chagueni mwisho wa gati lenye kina kirefu.

Mwaloni tufanye nini?

Fikeni Kibirizi mapema, saa 12 na nusu asubuhi, mitumbwi ikirudi. Nunueni nusu kilo ya dagaa wabichi na migebuka wanne. Msiombe bure, watu wako kazini. Pimeni urefu wa dagaa 50 kwa rula na mchore grafu. Kisha mwalimu apasue tumbo la kila mgebuka: mara nyingi mtakuta dagaa ndani, baadhi bado wanatambulika. Mnyororo mzima, planktoni mimea, kopepodi, dagaa, mgebuka, mtu, unakuwa kwenye sinia moja. Tumbo tupu nalo ni data, liandikwe.

Zungumzeni na wavuvi kuhusu macho ya nyavu na kwa nini makokoro yamepigwa marufuku. Kokoro huburuta ukingoni, kwenye matundu ya kutagia na kwenye makinda. Baada ya kuhesabu viota kwa ndoo ya kioo, wanafunzi huelewa marufuku hiyo bila kuhubiriwa.

Tope la mto linapimwaje bila maabara?

Chukua chupa tatu za lita moja: mtoni, mdomoni, na ufukweni mbali na mto. Ziache wima saa 24, pima kwa rula unene wa mashapo. Kwa usahihi zaidi, chuja kila chupa kwenye karatasi ya kuchujia iliyopimwa uzito, ikaushe, ipime tena.

Tope lina madhara gani hasa? Hufunika mwani uliogandana na mawe, huziba nyufa za kujifichia, hukata mwanga. Samaki wa miambani anayeishi kwa kung'ata mwani hawezi kuhamia mchangani. Kwa hiyo kilimo cha mteremkoni kilomita nyingi kutoka ziwani kinaamua samaki wangapi watakuwepo Katonga. Hapa Jiografia na Biolojia zifundishwe kwa pamoja.

pH na joto?

Maji ya Tanganyika ni ya besi, kwa kawaida pH 8.6 hadi 9.2. Karatasi ya kipimo cha 1 hadi 14 haitaonyesha tofauti kati ya mto na ziwa, hivyo nunueni ya 7 hadi 10. Joto la juu ya maji ni kati ya nyuzi 24 na 28. Someni kipimajoto kikiwa bado majini, kwani kikitolewa kwenye upepo kinashuka ndani ya sekunde chache.

Msisahau kueleza kisichopimika kwa vifaa vyenu. Chini ya mita 100 hivi upande huu wa kaskazini, hadi kama 200 kusini, hakuna oksijeni kabisa. Maji ya juu yenye joto ni mepesi na hayachanganyiki na ya chini. Sehemu kubwa ya ziwa hili haina samaki hata mmoja, na virutubisho vimelala huko. Ziwa likizidi kupata joto mchanganyiko unazidi kuwa mgumu na chakula cha dagaa kinapungua.

Tunaweza kuondoka na magamba ya konokono au samaki hai?

Hapana. Gamba tupu ni nyumba ya samaki, na samaki hai wanahitaji kibali. Pigeni picha, rula ikiwa kando.

Data tukirudi nazo tufanye nini?

Zichambueni ndani ya siku tatu, kabla kumbukumbu haijafifia. Kidato cha tatu na cha nne wachore grafu za nguzo za sehemu tatu kwenye ukurasa mmoja. Kidato cha tano na sita wakokotoe kipimo cha Simpson cha utofauti: 1 toa jumla ya miraba ya sehemu ya kila aina, yaani idadi yake ikigawanywa kwa idadi ya viumbe wote. Tuseme mwambani mmepata aina tatu zenye viumbe 30, 10 na 10. Sehemu ni 0.6, 0.2 na 0.2, miraba yake inajumlisha 0.44, kipimo ni 0.56. Mdomoni mwa mto mkipata 48, 1 na 1, kipimo ni takribani 0.08. Aina ni tatu pande zote, idadi ya viumbe ni 50 pande zote, lakini jamii hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Makundi yakitofautiana sana kwenye kituo kimoja, msifute data ya kundi "lililokosea". Angalieni kwanza fremu zao zilikuwa wapi, nani alihesabu, saa ngapi. Mara nyingi jibu ni kwamba kundi moja lilihesabu konokono hai na magamba matupu kwa pamoja. Andikeni hilo kwenye ripoti, na nakala moja ya ripoti mpelekeeni afisa uvuvi na BMU ya ufukwe mlioutumia.